Gereji ya rangi: masikio yanavuma ingawa tunavaa plagi. Thina inahusika?

Bodi_na_Rangi: Wakuu, salaam. Gereji ya kupuliza rangi magari, Dar. Kwenye grinda kila mtu huvaa plagi za masikio, kompresa iko nje. Bado vijana wawili masikio yanavuma jioni, na penye kelele hawashiki maneno. Thina ya kuyeyushia rangi ni ya kila siku, hata kunawia mikono. Barakoa tunazo za vumbi.

Afya_Kazini: Inahusika, mkuu. Tolueni na zaileni za kwenye thina huvutwa na pumzi, damu huzifikisha sikio la ndani, zikaharibu seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Huathiri pia njia ya kusikia kuelekea ubongoni, ndiyo maana sauti inasikika ila maneno hayashikiki. Kelele ikiongezeka juu yake madhara huzidi, kwa hiyo usijifariji na kile kikomo cha kelele cha desibeli 85 kwa saa 8. Mwaka 2018 OSHA na NIOSH, taasisi za Marekani za usalama na afya kazini, walitoa tahadhari juu ya kemikali hizi, pamoja na staireni ya mafundi faiba, madini ya risasi na kaboni monoksidi, gesi iliyomo kwenye moshi wa injini.

Fundi_Mvuke: Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Tafuta ya mpira yenye vichujio vya A2, yaani vya mvuke wa kemikali kama thina, mstari wa kahawia, na chujio la vumbi mbele yake. Ndevu zinyolewe, la sivyo hewa hupita pembeni. Kuijaribu: ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu, ikibonyea usoni na kubaki hivyo, imebana. Mkilaza vichujio wazi kwenye benchi vinaendelea kunyonya mvuke usiku kucha, vifungieni kwenye mfuko. Msisubiri harufu ndipo mbadilishe, pua huzoea. Fuateni saa za matumizi alizoandika mtengenezaji. Rangi ya kuchanganya na hadina inataka barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba.

Afya_Kazini: Barakoa ni ya mwisho, kwanza feni. Mvuke wa thina ni mzito, hukaa chini: feni inyonye karibu na sakafu, mkabala na mlango, na iwe isiyotoa cheche. Makopo yafunikwe.

Bodi_na_Rangi: Na mikono?

Fundi_Mvuke: Acheni thina kabisa, inapenya ngozi. Mafuta ya kula kwanza, halafu sabuni. Glavu za naitrili tolueni huzipita ndani ya dakika chache, zikilowa, tupa.

Afya_Kazini: Hao wawili wapimwe usikivu asubuhi kabla ya kazi. Waombe na kipimo cha maneno penye kelele, maana kile cha milio peke yake kinaweza kutoka safi. Wamwambie daktari wanafanyia kazi thina, na kama wamechomwa sindano za gentamaisini, antibiotiki inayoweza kudhuru masikio.