Koeberg hawachomi kitu, moto unatoka wapi?

Wakuu, kituo cha umeme wa nyuklia cha Koeberg karibu na Cape Town, Afrika Kusini, hakitumii makaa wala gesi. Umeme unapatikanaje?

Mzee wa Boila: Mkuu, mimi kiwandani nalisha boila makapi ya miwa. Kule kazi ni ileile: mvuke unazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta. Tofauti ni tanuri tu. Viini vya atomi za urani (metali inayotumika kama fueli ya nyuklia) vinapasuka, joto linatoka. Maji yanayopita humo yanafika nyuzi 300 na kitu bila kuchemka, maana yamebanwa kwa shinikizo la baa 155 hivi, yaani kama mara 150 ya shinikizo la hewa ya kawaida (boila langu lingeshapasuka!). Hayo yanapasha maji mengine, ndiyo yanayotoa mvuke.

Muuliza swali: Na maji ya bahari, maana kituo kiko ufukweni, ni ya nini?

Mzee wa Boila: Kupooza mvuke urudi kuwa maji. Ndiyo maana pale huoni ile minara minene ya kupoozea.

Kijana wa Moro: Kumbe birika la bei mbaya!