Haidrojeni ya Saint-Laurent-du-Maroni: tupime pia kinachoingia

Mchangiaji aliyenitangulia anadai kwamba kuhifadhi umeme wa jua kwa haidrojeni hakuna madhara kwa mazingira, kwa kuwa kinachotoka mwishoni ni maji matupu, na ametoa mfano wa mtambo wa CEOG wa Saint-Laurent-du-Maroni, magharibi mwa Guyana ya Kifaransa, ambao hutumia umeme wa jua kutenga haidrojeni kutoka kwenye maji, kisha huigeuza tena kuwa umeme. Naafiki kwamba jenereta za dizeli ni mbaya zaidi. Hata hivyo, kipimo chake kimeanzia mwisho wa safari.

Ili kupata kilo moja ya haidrojeni kutokana na maji huhitajika takriban kilowati-saa 50 hadi 55, na kilo hiyo ikigeuzwa tena kuwa umeme hutoa kama 17 tu, ilhali betri ya lithiamu hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya ilichopewa. Hasara hiyo hufidiwa kwa kuongeza paneli, na paneli hutaka ardhi. Huko Guyana ardhi yenyewe ilikuwa msitu, zaidi ya hekta 70, jirani na kijiji cha Prospérité cha Wakali'na, wenyeji wa asili wa huko, ambao waliandamana mwaka 2022 wakisisitiza kwamba hawaupingi umeme wa jua bali mahali ulipopangiwa, yaani kwenye maeneo yao ya kuwindia.

Suala la maji yanayotumika kutengeneza haidrojeni silioni kuwa zito katika nchi yenye mvua kiasi kile. Uvujaji ndio wa kuangaliwa, maana haidrojeni ikifika hewani huifanya methani, gesi inayopasha dunia joto, ichelewe kuvunjika, hivyo huongeza joto la dunia.

Sisemi kwamba teknolojia hii haina mahali pake. Katika kisiwa cha Utsira, Norwei, ilijaribiwa kuanzia 2004 kwa nyumba 10 zinazotumia umeme wa upepo. Upepo ukitulia siku mbili mfululizo, betri ya usiku mmoja haifui dafu, na katika baridi ile hata joto linalopotea haidrojeni ikigeuzwa laweza kupasha nyumba. Karibu na ikweta, hata masika yakileta mawingu, pengo kubwa ni la usiku, na joto hilo hakuna anayelihitaji.

Basi wanaoutetea mtambo huu watujibu: ikiwa wakati wa usiku mtambo unatakiwa kutoa megawati 3 tu, kwa nini betri, ambazo tayari zimo humohumo, hazikuongezwa ili hekta kadhaa zibaki kwa wawindaji wa Prospérité?