Alifanyiwa operesheni ya Hirschsprung akiwa mdogo, sasa ana miaka 6 bado anajichafua

Mama Junior:
Habari zenu jamani, naomba wenye uzoefu. Mwanangu alizaliwa akakaa siku tatu hajapata choo, tumbo limejaa kama ngoma, anatapika kijani, wakachukua kinyama wakapima wakasema ni Hirschsprung, yaani utumbo mpana kule mwisho hauna seli za neva za kusukuma choo. Akawekewa kolostomi, yaani tundu tumboni la kutolea choo kwenye mfuko, tukahangaika na mifuko mwaka mzima, baadae wakakata kipande kibovu, halafu utumbo ulio na afya wakauvuta mpaka kwenye njia ya haja. Nikajua yameisha. Sasa yuko darasa la kwanza, namwekea boksa mbili za akiba kwenye begi anarudi nazo zote zimechafuka, kazifunga fundo kwenye kimfuko asionekane. Mwalimu ananiambia nimfundishe usafi. Juzi kaniuliza "mama mbona mi sisikii kikitoka". Hivi hii inaisha au ndo maisha yake?

Baba Nasra:
Pole sana dada. Kwanza usimgombeze, hafanyi makusudi kabisa. Wangu ana 14, alikua hivohivo, sisi tukadhani anaharisha tukawa tunampa ndizi choo kikaze, kumbe eksrei ikaonyesha amejaa choo kigumu mpaka juu na kile chepesi kinapita pembeni kinavuja! Wakatufundisha kumuosha utumbo kila jioni kwa maji ya chumvi ya hospitali (sio maji matupu, wala sabuni), anakaa chooni nusu saa tunahadithiana. Ilichukua kama miaka miwili. Saivi yuko bweni, anajihudumia mwenyewe.

nesi_wodi4:
Mama Junior, usinunue dawa ya kulainisha choo kabla hajapimwa. Kuna anaevuja sababu amefunga choo, na kuna anaevuja sababu misuli ya kubana ni dhaifu au hisia imepungua, huyu wa pili ukimlainishia ndo unamuharibia kabisa. Wengine inakutwa pale palipounganishwa pamebana, au kuna kipande kisicho na neva kilibaki, hapo inaweza kuhitajika operesheni tena. Nenda na ripoti ya kile kinyama na karatasi ya operesheni kama unazo, daktari lazima ajue walikata kiasi gani. Wengi wanapata nafuu wakikua, hasa wakifika balehe, ila sio wote, na kusubiri bila matibabu mtoto anaumia shuleni.
Halafu hili mama lishike: homa, tumbo kuvimba, choo cha maji kinachonuka vibaya, mtoto kalegea, usingoje asubuhi. Ni maambukizi ya utumbo, yanaweza kumpata hata aliyeshafanyiwa operesheni na yanaua haraka.

kovu_la_kushoto:
Mimi ndo nilikua huyo mtoto, nina 31 sasa, naendesha bodaboda na nina mtoto. Maharage mengi bado yananisumbua, basi. Kilichoniokoa shule ni mama kuongea na mwalimu mkuu niwe natoka kwenda chooni bila kuomba ruhusa, maana ile kunyoosha mkono darasa zima linageuka, ndo unabana mpaka inatoka.

Mama Junior:
Nimesoma yote nikiwa nimemshika hapa kalala. Kumbe ndizi na mimi nampa kila siku jamani. Kliniki ya upasuaji wa watoto ni alhamisi, karatasi ya kutoka wodini ninayo, ya kinyama naenda kuifuatilia kesho, na shuleni napitia kesho hiyohiyo.