Naomba ushauri: ngozi ya ngoma ya zamani ya Premier

Ndugu wanachama, naomba msaada wenu. Ninayo ngoma ya Premier, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1922, ambayo naamini ilitengenezwa kabla kampuni hiyo haijaacha vipimo vya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwili wake wa mbao za tabaka, ulioimarishwa ndani kwa pete za mbao, ungali wa mviringo kamili, lakini ni mpana kidogo kuliko kipimo cha Kimarekani cha inchi 12, hivyo ngozi za plastiki za kisasa nilizojaribu haziuvai. Fundi amenishauri tuuchonge, nami nasita, kwa kuwa mbao ikishaondolewa hairudi. Je, ngozi za kipimo cha zamani bado hutengenezwa? Na kipenyo nikipime wapi ili niagize iliyo sahihi?