Mtandao wenye sifa au unaochekwa: upi unafaa kubaki nao ukiwa Goba?

Mkazi_wa_Bondeni:
Wakuu, habari za jioni. Nina laini mbili na nataka nibaki na moja. Ya kwanza ni ya mtandao unaosifiwa na kila mtu: mabango kila kona, maduka yenye kiyoyozi, mawakala hadi uchochoroni. Ya pili, ukiitaja tu kijiweni watu wanacheka. Majina sitaji, maana mada itageuka Simba na Yanga.

Sasa hapa Goba bondeni, ile ya sifa ikifika saa mbili usiku hata picha ya WhatsApp inazunguka tu. Ile ya kuchekwa naangalia nayo mpira mpaka dakika ya tisini. Nifunge ipi?

Binti_Tabata:
Saa mbili usiku! Kumbe siko peke yangu.

fundi_simu_kkoo:
Mkuu, sifa za mtandao ni za nchi nzima, wewe unategemea mnara mmoja. Vile vijiti vya juu ya kioo vinaonyesha nguvu ya mawimbi, havikwambii mnara umebeba watu wangapi. Mtandao wenye wateja wengi mtaani kwako, saa mbili wote wamerudi kutoka kazini na wamewasha video, wanagawana mnara uleule. Wa kuchekwa una wateja wachache, ndiyo maana unapeta. Amka saa kumi alfajiri upime tena, ile ya sifa itakimbia vizuri tu.

Na neno 5G kwenye bango lisikubabaishe. Mawimbi ya masafa ya juu hayapendi kuta wala mabonde. Ndani ya nyumba ya tofali, bondeni, 4G ya masafa ya chini inaweza kukufaa zaidi.

Mama_Floti:
Nyie wanaume mnaongelea MB tu. Mimi ni wakala Mbagala, niwaambie upande wa pesa. Siku hizi kutuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine ni kawaida, lakini kutoa pesa bado unahitaji wakala mwenye laini ya mtandao wako, na awe na hela mkononi. Hapo mezani kwangu nina simu nne za kitochi, kila moja nimeizungushia mpira wa rangi yake. Ya mtandao wa sifa haipumziki. Ile nyingine mteja akija mwisho wa mwezi anataka laki tatu, namwambia dada rudi jioni. Kwa hiyo sifa nyingine si matangazo, mtu ameipata kwa haki.

Ila siku mteja wangu alipokosea namba, mama mtu mzima, pesa ya ada, tulikaa hewani tunasikilizishwa muziki mpaka simu ikaishiwa chaji. Na huo ndio mtandao wa sifa.

Mwanachuo_Ubungo:
Mama umenena. Mimi naona lawama nyingine tunawaonea. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kila mtu humu alitukana mtandao wake na kutangaza anahama. Mngehamia wapi, na wote wanapitisha data mlemle baharini?

Majina nayo yanatuchezea. Celtel ikawa Zain, ikawa Airtel. Tigo ikawa Yas mwaka 2024, na mitaani watu bado wanasema nitumie Tigo Pesa. Halotel waliingia 2015 wakajijengea jina vijijini. Mtu anarithi sifa za mtandao kutoka kwa kaka yake, hajawahi kupima mwenyewe.

Mzee_wa_Kimara:
Kijana, kabla hujafunga laini yoyote, sikiliza. Laini ukiitelekeza, mwisho wa siku inafungwa na namba anauziwa mwingine. Kama benki na WhatsApp viko kwenye namba hiyo, umekwisha. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, utashangaa.

Halafu kuhama mtandao na namba yako ileile kupo tangu 2017, wengi hamkutumii. Toa kwanza pesa zote na ulipe mikopo ya kwenye simu, maana salio la pesa halihami na namba. Na ujiandae kuelezea: watu wakiona 075 au 071 wanadhani bado uko kulekule.

fundi_simu_kkoo:
Shikamoo mzee. Hilo la mikopo ndilo linalokwamisha wengi wanaokuja dukani kwangu.

Mkazi_wa_Bondeni:
Shikamoo ya mzee naipokea kwa niaba yake, haha. Nimewaelewa. Sifungi laini hata moja: ya sifa inabaki ya pesa na benki, naiweka kwenye kitochi. Bando nanunua ya kuchekwa. Kama kuna mwenye rauta iliyotumika inayokubali laini yoyote, aje inboksi na bei, nipo Goba Kinzudi.