Kikundi kuiacha njia Karura: kuna ubaya?

Mguu Tayari: Wadau, nauliza kwa moyo safi. Jumamosi tulikuwa watu 18 kwenye msitu wa Karura, Nairobi. Tulipopita mapango ya Mau Mau tukaiacha njia, tukashika kijia cha hawa waokota kuni wanaomaliza msitu. Dakika ishirini tu tukatokea juu ya mto. Mbega watatu mtini, mikia inaning'inia, mmoja amekumbatia mtoto mweupe pe! Mwenzetu akakasirika, eti tumeharibu. Hatukuchuma hata jani. Kosa liko wapi?

Mama Miche: Watu 18 ni viatu 36. Udongo ule ukikanyagwa baada ya mvua unashikana, mche wa muhugu unapata tabu kutoka. Kesho kikundi kingine kitafuata alama zenu. Wangari Maathai, yule mtetezi wa misitu, alipasuliwa kichwa pale mwaka wa 89 kwa ajili ya hayo?

Njoro: 89 ni Uhuru Park, alipopinga lile jengo la ghorofa 60. Karura ni Januari 1999.

Mama Miche: Haya, 99. Damu ni ile ile.

Wa Huruma: Mimi nimefika "waokota kuni wanaomaliza msitu" nikakwama. Mama yangu ni mmoja wao. Analipia ruhusa, anabeba matawi makavu, mti mbichi hagusi. Njoo umtazame kwenye paji la uso, kamba ya mzigo imechimba mfereji. Kijia kilichowapeleka kwa mbega kimechongwa na miguu yake.

Mguu Tayari: Pole ndugu yangu, sikumlenga mama. Nilisema kwa jumla.

Wa Huruma: Ndani ya hiyo jumla mna mama zetu.

Njoro: Lakini wapo wanaoingia na panga, tusikatae.

Wa Huruma: Huyo ni mwizi, mwite mwizi.

Mguu Tayari: Nimekosea, nakubali. Ila nieleweshe: yeye akipita ni sawa, mimi nikipita ni uharibifu?

Wa Huruma: Yeye akirudi, jiko linawaka. Wewe ulirudi na nini?

Mguu Tayari: Na binti yangu wa miaka tisa, ambaye tangu Jumamosi anachora mbega tu. Hilo usilidharau.

Mama Miche: Mbega wale walihamishiwa Karura kwa sababu walikotoka miti iliwaishia. Mwenye mtoto kifuani akisikia kishindo cha watu 18, atakaa?

Njoro: Si alikaa? Wamemwona.

Mama Miche: Siku hiyo.