Kriminolojia vyuoni: mazoezi yaongezwe, au nadharia iachwe ilivyo?

Mtoa mada, Njoro: Wadau, msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi wa kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, asipewe shahada kabla hajafunzwa kushika kielelezo, kitu kinachopelekwa kortini kuwa ushahidi. Miaka minne anasoma, wanazuoni wa zamani wa fani hii, Beccaria na Lombroso, anawajua, lakini mpe shati lililolowa damu atalitia kwenye mfuko wa plastiki. Unyevu ukifungiwa humo, kuvu na bakteria huharibu DNA. Shati hukaushwa kwanza mbali na jua, likafungwa kwa karatasi, peke yake, likaandikwa namba, tarehe, mahali na jina la aliyelichukua. Kila anayelipokea baadaye anatia sahihi. Sahihi moja ikikosekana, wakili wa utetezi amepata pa kushika.

Shinyalu: Ndugu, unachanganya fani mbili. DNA hupimwa na wakemia wa serikali, vielelezo hukusanywa na polisi. Kriminolojia huuliza kwa nini uhalifu umezidi pale na si hapa. Sensa ya Kenya ya 2019 iliikuta kaunti ya Nakuru na watu 2,162,202, Kisumu 1,155,574. Tuseme, kwa mfano tu, Nakuru imeripoti visa 4,000 vya wizi na Kisumu 2,500. Watu watasema Nakuru imeoza. Gawa sasa: Nakuru ni visa 185 kwa kila watu 100,000, Kisumu 216. Na hapo hujagusa visa ambavyo havikufika kituoni. Wananchi wasipomwamini OCS, mkuu wa kituo cha polisi, takwimu hushuka na wizi uko palepale. Ukikata vipindi vya takwimu ili watu wafunge mashati, haya nani atayaona?

Baba Bahati: Wazazi nao waambiwe ukweli. Konstebo, polisi wa cheo cha chini, huandikwa hata akiwa na D+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Shahada hii si tiketi ya kuingia DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wala haimfanyi mtu wakili.

Dada wa Kondele: Mmeiruka ofisi inayowafaa hasa wahitimu hawa: probesheni, yaani maafisa wanaochunguza maisha ya mshtakiwa na kuiandikia korti ripoti. Korti ikiomba ripoti ya dhamana, kifungu cha 123A cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataja mambo ya kupimwa: aina ya shtaka, tabia na rekodi ya mshtakiwa, uhusiano wake na jamii, kama aliwahi kukiuka dhamana, na uzito wa ushahidi. Ripoti mbovu huandika "majirani wanamsifu" ikaishia hapo. Ripoti ya maana husema analala wapi, kwa nani, tangu lini, nani amethibitisha, mlalamishi ana hofu gani, na kama shahidi mkuu anaishi boma lilo hilo. Mtu asiye na nia ya kutoroka anaweza kukaa rumande katika gereza la Kodiaga, Kisumu, miezi mingi kwa sababu ya kurasa mbili zilizoandikwa ovyo. Inaniuma, kwa kuwa ni jambo linalofundishika kabisa. Nadharia inasaidia hapo, bora mwanafunzi ameitumia kumhoji mtu halisi.

Mtoa mada, Njoro: Dada, probesheni nakubali. Lakini Shinyalu, sikusema mwanafunzi apime DNA. Asiyejua kielelezo huharibika vipi hawezi kueleza kwa nini kesi zinaporomoka, na hilo ni swali la kriminolojia. Chukua picha za kamera ya duka. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoitambulisha rekodi, kueleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya mwenye jukumu la kifaa hicho. Video ikipitishwa WhatsApp kwa kawaida hubanwa upya, na taarifa zake za asili, kama saa na kifaa, hupotea. Cheti kisipokuwepo, kiongozi wa mashtaka hubaki na simu mkononi na hakimu anaweza kuikataa video.

Shinyalu: Hilo la cheti lina uzito. Liwe somo la muhula mmoja basi, ila takwimu zisiguswe. Kikatwe kile kinachorudiwa mwaka wa kwanza na wa pili kwa majina tofauti.

Dada wa Kondele: Na lifanyiwe kortini. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, hulipi kuingia. Mwanafunzi aketi katika korti ya Winam, Kisumu, au ya Nakuru siku moja kila wiki, aandike kila kesi iliyoahirishwa na sababu yake: shahidi hakufika, faili la polisi halikuletwa, P3, fomu ya polisi ya majeraha, haijajazwa na daktari. Majina asiyachukue. Muhula ukiisha ana data yake mwenyewe ya kuchambua, na Shinyalu atapata takwimu zake.

Shinyalu: Kwa masharti kwamba aandike pia kesi ambazo hazikuahirishwa. Bila hizo hana cha kulinganisha.